Baridi ya Makete haichagui mguu mmoja

Julai ikifika, mashamba ya viazi ya Makete na Njombe huamka yameungua kwa baridi, na hakuna mwenye miguu ya moto. Ndiyo maana mzee akiamka mguu wake wa kushoto umepoa kama bamba la jembe, nyumbani hawashtuki. Mguu unasogezwa kwenye mkaa, unachuliwa kwa mafuta, unalowekwa kwenye maji ya moto yenye chumvi. Kesho yake unatoka mabaka ya zambarau. Siku ya nne anateremshwa hospitalini, na mjadala uliobaki ni mmoja tu: ukatwe chini ya goti au juu yake.

Baridi ya hewa hupoza miguu yote miwili. Mmoja ukipoa ghafla peke yake, ukapauka, ukauma sana kisha ukaanza kufa ganzi, kilichokosekana hapo ni damu. Mkaa haurudishi damu. Unaiunguza ngozi ambayo haina tena hisia ya kukwepa moto wala damu ya kuponya jeraha, na kuchua kunauumiza msuli ambao tayari una njaa.

Kila inapozungumzwa tiba ya mishipa ya damu Nyanda za Juu Kusini, mazungumzo hukimbilia jengo: lini Mbeya itapata kituo chake, lini itafika mashine kubwa ya kupiga picha za mishipa, lini wagonjwa wataacha kupanda basi kwenda Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ni madai ya haki, ila yamepangwa kinyume. Mguu huokoka au hupotea saa nyingi kabla ya kulifikia jengo, kwenye kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na vifaa vinavyoamua vinaenea kwenye mkoba mmoja. Visipokuwepo hivyo, kituo kikubwa kitajengwa na kitapokea miguu iliyokwisha kufa.

Cha kwanza katika mkoba huo hakinunuliwi. Ni vidole. Mapigo ya mguu hupapaswa sehemu nne: kinenani, nyuma ya goti, nyuma ya jicho la ndani la mguu, na mgongoni mwa wayo kwenye mstari unaopita kati ya dole gumba na kidole cha pili. Nyuma ya goti ndipo pagumu. Goti likunjwe kidogo, misuli ilegee, na vidole vya mikono yote miwili vizame. Wapo watu wazima wasio na pigo la mgongoni mwa wayo tangu kuzaliwa, lakini asiye na hilo wala lile la nyuma ya jicho la mguu achukuliwe ana ugonjwa wa ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, mpaka ithibitike vingine. Mpimaji anayebonyeza sana huhisi mapigo ya vidole vyake mwenyewe. Dawa yake ni kushika kifundo cha mkono cha mgonjwa wakati huohuo na kuona kama yanakwenda pamoja.

Vidole vikitia shaka, kinahitajika kidopla cha mkononi, kile kidogo chenye kalamu ya megahezi 8 kinachotoa mlio wa damu inayopita. Wakunga wanakifahamu ndugu yake wa kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ingawa huyo hana kalamu inayofaa kwa mishipa ya juu juu. Mgonjwa alale chali dakika 5 hadi 10. Presha ipimwe mikono yote miwili na ichukuliwe kubwa. Kisha mkanda wa presha ufungwe juu kidogo ya kifundo cha mguu, jeli ipakwe, kalamu ilazwe kwa pembe ya nyuzi kama 45 mpaka mlio usikike vizuri. Mkanda ujazwe mpaka mlio ukatike, uongezwe tena milimita 20 za zebaki, halafu ulegezwe taratibu, milimita 2 kwa sekunde. Pale mlio unaporudi ndipo presha ya mguu ilipo. Ipimwe kwenye ateri zote mbili za wayo, kubwa ndiyo ichukuliwe, na igawanywe kwa ile ya mkono. Jibu lake ndilo uwiano wa kifundo.

Mathalani mkono ni 130, mguu wa kulia 134, wa kushoto 65. Kulia ni 1.03, salama. Kushoto ni 0.50, yaani nusu ya presha haifiki. Kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni kawaida, 0.90 kushuka ni ugonjwa wa ateri. Chini ya 0.40, au presha ya kifundo chini ya 50, mguu uko hatarini. Ikizidi 1.40 asifurahi mtu. Maana yake kuta za ateri zimejaa chokaa, kama inavyotokea kwa wenye kisukari cha muda mrefu na wenye figo zilizochoka, na mkanda hauwezi kuzikandamiza. Hapo namba ya kifundo haina maana tena. Hupimwa presha ya dole gumba kwa mkanda mdogo, na ikiwa chini ya 30 kidonda hakitapona mpaka damu irudishwe.

Kipimo hiki chote huchukua kama robo saa, na muuguzi aliyefundishwa anakiweza bila kumsubiri bingwa. Ukosefu wake ndio unaozaa kile kitu cha kusikitisha zaidi katika wodi za upasuaji: kukata kwa vipande. Mgonjwa wa kisukari anakuja na kidole cheusi. Kidole kinakatwa. Kidonda cha kukata kinahitaji damu nyingi kuliko ngozi nzima ilivyohitaji, na damu haipo, kwa hiyo kinanyauka kingo na kuoza. Inakatwa nusu ya wayo. Nayo haiponi. Mwezi wa pili unakatwa mguu chini ya goti, na familia inaondoka ikiamini kwamba kisukari kimepanda, kumbe ateri ya paja ilikuwa imeziba tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeipima.

Kanuni inayozuia hilo inabebeka kichwani. Wayo wenye joto, uliovimba, wenye usaha na mapigo yanayoshikika unahitaji kupasuliwa na kusafishwa usiku huohuo, usaha usipande kwenye mikunjo ya misuli. Wayo wa baridi wenye kidole kilichokauka na kuwa cheusi bila usaha uachwe mkavu, usilowekwe, usikatwe, mpaka njia ya damu ichunguzwe. Ule wa baridi wenye usaha ndio mgumu kuliko yote: usaha utolewe kwa njia fupi, na rufaa ianze siku hiyohiyo bila kungoja kliniki ya Jumatano.

Kabla ya kufikia huko, mwili huonya kwa miaka. Mtu anayepanda mlima kutoka Mwanjelwa, Mbeya, au kuelekea Gangilonga, Iringa, anaanza kusimama njiani kwa maumivu ya shavu la mguu. Akisimama dakika chache yanaisha, akiendelea yanarudi umbali uleule. Maumivu ya mishipa ya fahamu ya mgongo hufanana na haya, ila hayo hutulia mtu akikaa au kuinama. Ya ateri hutulia kwa kusimama tu. Wengi wa wenye dalili hii hawahitaji kisu. Wanahitaji kuacha sigara, aspirini miligramu 75 hadi 100 kwa siku, atovastatini ya kushusha mafuta ya damu miligramu 40 hadi 80, presha na sukari kudhibitiwa, na kutembea kwa mpango: dakika 30 hadi 45, siku 3 kwa wiki au zaidi, kutembea mpaka maumivu yakolee, kupumzika, kuendelea, kwa wiki zisizopungua 12. Kwa mkulima wa Rungwe kuambiwa atembee kunasikika kama mzaha, lakini kutembea kwa kukwepa maumivu si sawa na kutembea kwa kuyafikia. Na kijana wa miaka 35 anayevuta tumbaku sana, vidole vya miguu na mikono vikaanza kufa, huenda ana ugonjwa wa Buerger. Huyo asipoacha tumbaku kabisa hakuna upasuaji utakaomsaidia.

Turudi kwa mzee wa mguu wa ghafla, maana hapo ndipo saa zinahesabika kwa vidole. Mara nyingi bonge la damu lililoziba ateri halikuzaliwa mguuni. Limetoka moyoni: vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, chumba cha juu cha moyo kikatanuka, mapigo yakapoteza mpangilio, damu ikazunguka bila kutoka na kuganda. Bonge likang'oka, likasafiri mpaka pale ateri ya paja inapogawanyika kinenani, likakwama. Mishipa ya fahamu huanza kufa kwanza, ndiyo sababu kupoteza hisia vidoleni ni ishara nzito kuliko maumivu. Misuli huvumilia kama saa 6. Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 800. Mwenye kikokotoo cha aina yoyote anaona kwamba mgonjwa wa namna hii hawezi kuwa wa Dar es Salaam.

Kazi ya daktari wa zamu ni kupanga mguu uko daraja gani la hatari. Hisia ziko, vidole vinacheza, dopla inasikia ateri: kuna muda wa kuchunguza. Hisia za vidole zimepungua, nguvu ipo: saa chache. Nguvu ya wayo imepungua na ateri haisikiki, ila vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, bado inasikika: chumba cha upasuaji sasa hivi. Msuli umekakamaa kama ubao, hakuna hisia, hakuna hata mlio wa vena: mguu umekufa, na kuurudishia damu ni kumwaga potasiamu na sumu ya misuli iliyooza moyoni na kwenye figo. Huyo wa mwisho aokolewe maisha kwa kukatwa. Kukata si dhambi. Ubaya ni kukata bila kujua mgonjwa alikuwa daraja gani.

Kwa madaraja matatu ya kwanza heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, itangulie, hata kabla ya simu ya rufaa, ilimradi hatoki damu mahali na hajapata kiharusi cha kuvuja damu. Uniti 80 kwa kilo kwenye mshipa, kisha 18 kwa kilo kila saa. Mwenye kilo 60 apewe takriban uniti 5,000 kwa mara moja, halafu kama 1,080 kwa saa. Uniti 25,000 zikiwekwa kwenye chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi, kila mililita ina uniti 50, hivyo ni mililita 22 kwa saa. Pasipo pampu, dripu ya matone 20 kwa mililita iende matone 7 kwa dakika. Hapa huuawa watu kwa haraka: kichupa kilichozoeleka cha mililita 5 kina uniti 5,000 katika kila mililita, yaani 25,000 kwa ujumla. Anayesoma "5,000" kwenye lebo na kuvuta kichupa kizima ametoa dozi mara tano. Kwa safari ndefu, isiyo na kipimo cha kuganda kwa damu njiani, enoksaparini, dawa ya jamii ya heparini, ya miligramu 1 kwa kilo chini ya ngozi kila saa 12 ni rahisi kusimamia, figo zikiwa nzima. Lakini iandikwe saa iliyochomwa kwenye barua, maana inamnyima mgonjwa ganzi ya mgongo kwa siku nzima.

Upasuaji wenyewe ulibadilika mwaka 1963, Thomas Fogarty wa Marekani alipotoa katheta, mrija mwembamba wenye kiputo nchani. Kabla yake mabonge yalivutwa kwa koleo na kukamuliwa kwa mikono. Katheta hiyo hupita pembeni mwa bonge ikiwa imenywea, hujazwa maji upande wa pili, na kurudi ikiliburuta. Daktari wa upasuaji wa kawaida anaiweza, na kwa ganzi ya kuchoma kinenani tu: lidokeini ya asilimia 1, isizidi miligramu 3 kwa kilo. Kwa mzee mwenye moyo mbovu aliyekwisha kupewa heparini, ganzi hiyo ni bora kuliko ya mgongo au nusu kaputi.

Kisu hushuka wima juu ya pigo la paja, au pale lilipopaswa kuwa, katikati ya nyonga na mfupa wa kinena. Ateri kuu ifunuliwe, na matawi yake mawili, la juu na lile linalozama ndani ya paja, kila moja likizungushiwa kamba ya mpira. Hilo la ndani ndilo husahaulika, na ndilo linalolisha mguu yakiziba mengine. Ateri ikiwa laini, ikatwe kwa mlalo. Ikishonwa haipungui upana. Ikiwa ngumu yenye chokaa, ikatwe kwa urefu na izibwe kwa kiraka cha vena. Katheta namba 4 au 5 ipande juu, namba 3 au 4 ishuke chini. Kiputo kijaribiwe kabla ya kuingia. Cha namba 3 kinatosha mililita 0.2, kwa hiyo sindano ya mililita 1 ndiyo itumike. Mwenye kuijaza kwa sindano ya 5 hawezi kujua amekipasua wapi. Anayevuta ndiye anayejaza, mkono uleule wa akili moja, akilegeza kiputo kila anapohisi ukuta umekaza. Kuvuta kwa nguvu huchuna utando wa ndani wa ateri, na ateri iliyochunwa huganda upya usiku huohuo.

Irudiwe mpaka katheta itoke safi mara mbili. Damu inayorudi kutoka chini si uthibitisho, kwa sababu vijia vya pembeni huleta damu hata kama chini bado kumeziba. Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipitia upesi: katheta inayoshushwa kutoka kinenani mara nyingi huingia tawi moja tu kati ya matatu ya chini ya goti, lile la kandokando ya mfupa mwembamba. Mengine mawili hubaki na mabonge. Mililita 20 za dawa ya picha na mashine ya eksirei iliyopo chumbani zinaonyesha hilo mara moja, na dawa yake ni kufungua ateri chini ya goti na kuielekeza katheta kwa kidole. Kushona ni kwa uzi wa Prolene 5-0, sindano ikipita kutoka ndani kwenda nje upande wa chini, ili utando usikunjuke damu inapokuja.

Mguu uliokaa saa 6 bila damu huvimba unapoipata. Msuli umefungwa ndani ya mifuko migumu minne, na presha ikifika milimita 30 chini ya presha ya chini ya mgonjwa, damu iliyorudishwa kwa kazi yote ile inakatika tena. Mifuko yote minne ifunguliwe kwa michano miwili mirefu, ndani na nje ya shavu la mguu, wakati mgonjwa bado yuko mezani. Anayengoja kesho aone kama utavimba huikuta misuli imekufa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, maji ya dripu yaongezwe mpaka utoke wa kutosha, na potasiamu ipimwe usiku huo.

Bodaboda nazo zimeleta ugonjwa wao. Goti likiteguka kwa nyuma, ateri ya nyuma yake, iliyofungwa juu na chini kama kamba ya ngoma, huvutika na utando wake kuchanika. Goti linaweza kurudi lenyewe kabla ya hospitali na eksirei ikaonekana safi. Ndiyo maana kila goti lililoteguka lipimwe uwiano wa kifundo, hata kama mapigo yanasikika. Chini ya 0.90 atafutiwe picha ya mishipa. Vita Kuu ya Pili vilifundisha bei ya kuifunga tu ateri kwa uzi: karibu nusu ya miguu yenye ateri kubwa zilizofungwa ilikatwa, na kwa ateri ya nyuma ya goti ilikuwa takriban 7 kati ya 10. Katika vita vya Korea, walipoanza kushona badala ya kufunga, idadi ilishuka mpaka asilimia 13.

Hospitali ya wilaya isiyo na mshonaji bado ina la kufanya. Kipande cha mpira safi wa dripu, au wa kulishia mtoto, kilichotakaswa na kusukutuliwa kwa maji ya heparini, huingizwa ncha moja ateri ya juu na nyingine ya chini, kikafungwa kwa hariri pande zote mbili. Damu inapita, na mfupa unaweza kunyooshwa au mgonjwa akasafirishwa. Mpira kama huo umebeba miguu kwa saa kadhaa. Anayeshona baadaye achukue vena kutoka mguu mzima, si ule ulioumia, kwa sababu huo unahitaji vena zake zote.

Kwenye mikoa hii kuna jambo la pekee ambalo daktari kijana anapaswa kulijua kabla hajashika kisu cha kupasulia jipu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, juu kuliko kwingine nchini. Virusi hivyo hudhoofisha kuta za ateri za watu wa miaka 30 na 40, zikatuna kama puto shingoni au kinenani, wakati mwingine zaidi ya moja kwa mtu mmoja. Uvimbe unauma, una joto, ngozi imekuwa nyekundu. Unafanana na jipu. Akiupasua, damu inaruka hadi darini na hakuna kibanio kilichoandaliwa. Kila uvimbe wa kinena uwekewe vidole viwili kila upande: vikisogea mbali kwa kila pigo, ni ateri. Usikilizwe kwa stetoskopu. Ukipigwa ultrasaundi, ile iliyonunuliwa kwa ajili ya wajawazito inatosha.

Ateri iliyoziba kwa urefu, ile ya wazee na wenye kisukari, haitolewi kwa kiputo. Hujengewa njia ya mchepuko, kama barabara inavyozungushwa daraja likibomoka. Mfaransa Jean Kunlin alifanya hivyo mwaka 1948 kwa vena ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, na mpaka leo vena hiyo inaishinda mipira ya viwandani chini ya goti. Ichorwe kwa kalamu mgonjwa akiwa amesimama, iwe na upana wa milimita 3 au zaidi, na igeuzwe kichwa chini, kwa kuwa vali zake huruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Mchepuko unaokufa ndani ya mwezi mmoja ni kosa la mikono: vena imejipinda ndani ya njia iliyopitishwa, tawi limefungwa karibu mno na kuibana, au iliyochaguliwa ilikuwa nyembamba. Unaokufa kati ya mwezi na miaka miwili umebanwa na kovu linaloota ndani, na kovu hilo husikika kwa dopla kabla halijaziba, mgonjwa akirudi mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Baada ya hapo ni ugonjwa wenyewe unaoendelea.

Njia ya kuzibua ateri kutoka ndani kwa waya na mirija ilianza Portland, Marekani, Januari 1964, Charles Dotter alipoizibua ateri ya paja ya bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Bibi huyo aliishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake. Tiba hiyo ndiyo inayotamanika kwa kituo cha Mbeya, na inafaa itamaniwe. Lakini mashine ni sehemu ndogo ya gharama yake. Waya, puto na dawa ya picha hutumika kila mgonjwa na kutupwa, na asiyepanga bajeti ya vitu hivyo kila robo mwaka atakuwa na mashine inayofanya kazi wiki sita. Mkono wa daktari nao huchakaa usipotumika. Kituo kinachopata wagonjwa wawili kwa mwezi kwa sababu wilaya hazipimi hakitamlea bingwa, kitamchosha.

Shida za vena nitazipitia kwa haraka, si kwa kuzidharau. Kidonda cha juu ya jicho la ndani la mguu, chenye ngozi nyeusi na ngumu kuzunguka, huwa ni cha vena na hupona kwa kufungwa bandeji inayobana milimita 30 hadi 40 kifundoni, ikilegea kuelekea goti. Wauguzi wengi wanaijua. Wasichokifanya ni kupima uwiano kwanza: chini ya 0.50 bandeji hiyo inaua mguu, na kati ya 0.50 na 0.80 ibane kidogo chini ya uangalizi. Vena zilizotuna huweza kuzibwa kwa povu, dawa sehemu moja na hewa sehemu nne, likichanganywa kwa sindano mbili na koki ya njia tatu, lisizidi mililita 10 kwa siku. Na mgonjwa ambaye figo zake zinaelekea kushindwa atengewe mkono mmoja, ule asioandikia: usichomwe kanula, usitolewe damu. Mkono huo ndio utakaounganishwa ateri na vena kifundoni kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, na muungano unahitaji kama wiki 6 kukomaa. Kila kanula inayowekwa hapo kwa mazoea inapunguza nafasi ya mbele.

Basi mkoba una nini? Kwa kila hospitali ya wilaya: kidopla kimoja na betri za akiba, jeli, mkanda wa presha wa mguu, heparini na enoksaparini, protamini ya kuizima heparini kwa miligramu 1 kwa kila uniti 100. Kwa kila hospitali ya rufaa ya mkoa yaongezwe katheta za kiputo namba 3, 4 na 5, mbilimbili, na zikaguliwe tarehe kila baada ya miezi sita kwa sababu mpira wa kiputo huoza ukiwa kwenye boksi. Vibanio laini vya ateri, kamba za mpira, Prolene 5-0 na 6-0, na miwani ya kukuzia. Madaktari wawili wa upasuaji kutoka kila mkoa wakae miezi mitatu wakishona mishipa panapofanyika kwa wingi, warudi wawili pamoja, maana mmoja akihama ujuzi unahama naye. Haya yanaweza kuombwa kwenye mpango wa hospitali wa mwaka huu, bila kungoja jengo la mtu yeyote.

Na fomu ya ridhaa ya kukata mguu iongezwe mistari mitatu ambayo bila kujazwa mgonjwa hapelekwi chumba cha upasuaji, isipokuwa usaha unamuua: mapigo ya sehemu nne, uwiano wa kifundo au presha ya dole gumba, na saa dalili zilipoanza. Mstari wa tatu utawauma watu wengi, kwa sababu utaonyesha mguu ulikaa wapi, nyumbani, zahanati au wodini, na kwa saa ngapi.

Mstari wa nne ni wa mguu uliobaki. Aliyekatwa mmoja kwa ateri zilizoziba ana ateri zilezile upande wa pili, na sasa mguu huo unabeba mwili mzima pamoja na magongo kwenye miteremko ya Ikonda, Makete. Upimwe kabla hajatoka wodini, namba iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki karibu na ile ya sukari, na upimwe tena baada ya miezi 3.